Wanja haukai: dalili, sababu na marekebisho kwa kila umbo la jicho

Malalamiko ya wanja ni yale yale kila siku. Anayekuja saluni kupambwa kwa ajili ya sendofu, anayejipaka mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda kazini, na binti anayejifunza kwa video za simu, wote wanaeleza kitu kimoja: wanja umepotea, umejichapa juu, mkia mmoja umepanda na mwingine umelala, macho yamekuwa madogo, macho yanawasha. Mara nyingi lawama huenda kwa wanja wenyewe. Mtu ananunua mwingine wa bei kubwa zaidi na tatizo linabaki palepale.

Chanzo kinachoongoza ni kimoja. Mstari unachorwa jicho likiwa limefumbwa na ngozi imevutwa kwa kidole, kisha jicho linafumbuliwa na ngozi inarudi kwenye mikunjo yake. Watu watakuona ukiwa umefumbua macho, kwa hiyo mstari upangwe jicho likiwa wazi. Kufumba ni kwa ajili ya kujaza tu.

Kwanza, jicho lako ni la namna gani?

Simama mbele ya kioo kilicho usawa wa uso, karibu na dirisha. Tazama mbele, legeza uso, na usinyanyue nyusi. Hili la nyusi linawaponza wengi: akisogelea kioo tu, nyusi zinapanda zenyewe na jicho linaonekana pana kuliko lilivyo.

Angalia ngozi iliyo kati ya kope na ule mkunjo wa juu. Ikiwa inaonekana vizuri, una nafasi ya kuchezea. Ikiwa ngozi ya juu imeteremka na kuifunika, una jicho la kufunikwa, na ikiwa mkunjo wenyewe haupo, jicho lako halina mkunjo. Kisha angalia weupe. Ukionekana juu au chini ya duara jeusi, jicho ni la mviringo. Duara likiguswa na kope juu na chini na kona zote mbili zikichongoka, hilo ni la umbo la lozi. Shika penseli kwa ulalo, ipite kwenye kona ya ndani na ya nje: kona ya nje ikiwa chini zaidi, jicho linainama; ikiwa juu, linapanda. Mwisho pima nafasi kati ya macho mawili. Kawaida linatosha jicho moja katikati; pakipungua, macho yamekaribiana, pakizidi yameachana.

Usishangae ukipata majibu mawili, au jicho la kulia likatofautiana na la kushoto. Jicho la mviringo linaweza kuwa pia limetokeza, na jicho la kufunikwa likawa pia linainama. Fuata dalili inayokusumbua zaidi.

Dalili: "Nikifumba unaonekana, nikifumbua umepotea"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na linawapata wenye macho ya kufunikwa na yasiyo na mkunjo.

Sababu ya kwanza ni kuchora ukiwa umefumba. Ya pili inakwenda kinyume na mawazo ya wengi: mstari ni mnene mno. Mtu akiona wanja hauonekani anauongeza, ukikosa kuonekana anauongeza tena, mpaka ile nafasi ndogo aliyokuwa nayo inamezwa na weusi na jicho linaonekana limefungwa nusu. Ya tatu ni umri: ngozi ya juu ya jicho hulegea na kuteremka taratibu, na mtindo uliokupendeza ukiwa na miaka 20 haulazimiki kukupendeza ukiwa na 50.

Hatua rahisi kwanza. Futa kila kitu na upake mstari mwembamba kabisa, ukibana rangi katikati ya mashina ya kope kwa ncha ya penseli au brashi nyembamba, kutoka juu. Fumbua. Kwa wengi hapo tatizo limekwisha: kope zinaonekana nyingi, jicho linapata mpaka, na hakuna nafasi iliyoliwa.

Ukitaka mkia, ndipo kazi inapohitaji utulivu. Fumbua macho, tazama mbele, kidevu kikiwa usawa. Anzia kona ya nje, mahali ambapo mstari wa kope za chini ungeendelea kama usingekatika, na uchore kistari chembamba kuelekea mwisho wa nyusi. Kistari hicho kivuke ule mkunjo unaoanguka pembeni, usikiruhusu kuufuata. Ukiwa bado umefumbua, toka kwenye ncha ya mkia urudi ndani kwa mstari mnyoofu mpaka ufikie kope za juu, karibu na ukingo wa nje wa duara jeusi. Sasa fumba. Utaona umbo la ajabu, limeingia katikati na kuchongoka kama bawa la popo. Lijaze hivyo hivyo lilivyo, usilinyooshe. Ukifumba litaonekana limevunjika. Ukifumbua, ngozi inakunjika mahali pake na mkia unasimama mzima. Anza kwa penseli ya kahawia, kisha pitisha wanja wa maji juu yake ukisharidhika.

Asiye na mkunjo hahitaji bawa hilo, kwa sababu hakuna kinachoanguka juu ya mkia. Kwake, fumbua macho na uweke nukta tatu juu ya kope, kwenye kimo ambacho rangi inaanza kuonekana: moja ndani, moja katikati, moja nje. Fumba, unganisha nukta, jaza, halafu sambaza ukingo wa juu kwa shedo (rangi ya unga ya kupaka juu ya jicho) ya kahawia ili mstari usikatike ghafla. Huyu ndiye mwenye ruhusa ya kupaka mstari mnene, na humpendeza kweli.

*Simama hapa:* ngozi inayoteremka kwa miaka ni jambo la kawaida. Jicho moja likishuka ghafla, ndani ya saa au siku chache, usilifiche kwa wanja. Likiambatana na kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma vikali, mdomo kwenda upande, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Jicho linaloshuka jioni baada ya uchovu na kurudi asubuhi nalo lionwe na daktari.

Dalili: "Unajichapa juu, nabaki na mistari miwili"

Sababu inayoongoza ni mafuta. Ngozi ya juu ya jicho hutoa mafuta yake, nawe unaongeza ya kwako: losheni ya asubuhi, mafuta ya kujikinga na jua, konsila (krimu ya kufichia madoa). Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi, penseli laini haina pa kushika. Sababu ya pili ni haraka. Wanja wa maji haujakauka na umeshapepesa macho. Ya tatu ni umbo lenyewe, kwani jicho la kufunikwa hugusana ngozi kwa ngozi kila unapofumbua.

Bonyeza tishu kavu juu ya jicho bila kusugua. Ukiona alama ya mafuta kwenye tishu, umeshapata jibu. Futa, pitisha poda laini kiasi kidogo kwa brashi, kisha paka wanja. Ukimaliza, tazama chini kwa sekunde kama 30 kabla ya kuinua macho. Wanaotumia penseli waipitishie shedo ya rangi ile ile juu yake kwa brashi nyembamba. Unga hunywa mafuta na kuushikilia mstari.

Bado unajichapa? Badilisha aina. Penseli za kawaida ndizo zinazochapa zaidi, jeli iliyokauka inashika vizuri zaidi, na wanja wa maji usioyeyuka kwa maji ndio unaodumu kuliko zote. Lakini mwanamke anayeswali afahamu kwamba wanja wa aina hiyo hujenga utando juu ya ngozi, na kitu kinachozuia maji kufika kwenye ngozi huzuia udhu kutimia. Kwa siku ya kawaida yenye swala tano ningependekeza wanja wa unga (si ule wa manga, nitaueleza mwishoni) au penseli inayotoka kwa maji na sabuni, na ule usiotoka ubaki kwa sherehe ambayo umeshapanga muda wake. Kuusugua kwa nguvu mara kadhaa kwa siku ili utawadhe kutaumiza ngozi iliyo nyembamba kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya mwili.

Dalili: "Mikia haifanani"

Unamaliza jicho la kwanza vizuri, unakwenda la pili, linatoka tofauti. Unaongeza la kwanza lifanane na la pili, unaongeza la pili lifanane na la kwanza, na baada ya dakika kumi mikia imefika karibu na masikio.

Mara nyingi sababu ni kumaliza jicho moja kabla ya kugusa la pili. Inayofuata ni kuvuta ngozi ya pembeni kwa kidole: kila upande unavutwa kwa nguvu yake, na ukiachia kila mkia unaanguka kivyake. Sababu ya tatu ni kuinamisha kichwa kila unapobadilisha upande. Ya mwisho ni kwamba uso wenyewe haulingani, na hilo ni la kila mtu.

Chora mikia miwili kwanza, mistari baadaye. Weka nukta moja kila upande mahali mkia utakapoishia, rudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kioo, utazame. Nukta ni rahisi kuifuta. Mkia uliokamilika ni kazi. Kimo cha nukta kisome kwa kulaza penseli kutoka kona ya nje ya pua kupitia kona ya nje ya jicho kuelekea mwisho wa nyusi. Hiyo ni njia ya kuanzia tu. Kama jicho lako moja linainama zaidi, nukta yake itakaa juu kidogo ya mwenzake, na ukiwa umefumbua ndipo yatalingana. Usipime kwa rula.

Baada ya hapo piga picha kwa simu, uso ukiwa umelegea. Kioo umekizoea na kinakuficha mambo. Picha itakuonyesha mkia ulioshuka mara moja.

Kusahihisha: chovya pamba ya masikio kwenye konsila kidogo na ukate ukingo wa chini wa mkia kutoka ndani kwenda nje. Mafuta ya mgando yanafuta vizuri pia, ila yanaacha utelezi, na wanja utakaopaka juu yake hautakaa. Ukiyatumia, pitisha poda kabla ya kurudia.

Kwa mama aliyevuka miaka 50 na ngozi imelegea pembeni, namshauri aachane na mkia mrefu wa wanja wa maji. Kila kikunjo kidogo kinaukata mstari. Penseli ya kahawia iliyokolea au kijivu, ikisambazwa kwa brashi kuelekea juu, humpa mnyanyuko ule ule bila kuonyesha mikunjo.

Dalili: "Macho yamekuwa madogo"

Karibu kila mara kosa ni weusi kuzunguka jicho lote, juu na chini, mpaka kona ya ndani. Ni urembo wa zamani na unapendeza kwenye macho makubwa, hasa ya mviringo. Kwenye jicho dogo au lililoingia ndani, duara la weusi linalifunga.

Jaribu hili kabla ya kununua chochote: futa wanja wote wa chini, uache wa juu peke yake, utazame. Kama jicho limefunguka, mkosaji umeshampata. Unaweza kurudisha wa chini kidogo, theluthi ya nje tu, kwa kahawia badala ya nyeusi, ukiuweka chini ya kope.

Macho yaliyoingia ndani tayari yana kivuli cha mfupa wa nyusi juu yake. Usiongeze kivuli kingine. Mstari wao uwe mwembamba sana, na unenepe kidogo kuanzia katikati kwenda nje. Macho yaliyokaribiana yanaharibiwa na kitu kimoja tu, nacho ni weusi kwenye kona ya ndani. Anzia mstari pale duara jeusi linapoanzia, acha kona wazi, na upeleke uzito wote nje. Yaliyoachana ni kinyume chake: huanzia ndani kabisa na hayahitaji mkia mrefu.

Wengi wameambiwa wapake penseli nyeupe kwenye ukingo wa ndani wa chini ili jicho lionekane kubwa. Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, nyeupe hiyo inang'aa mno na inaonekana kwenye picha kabla ya uso wenyewe. Penseli ya rangi ya krimu iliyokolea inafanya kazi ile ile kwa upole. Hata hivyo, soma kwanza sehemu ya kuwasha hapa chini kabla ya kupaka chochote kwenye ukingo huo.

Dalili: "Watu wananiuliza kama nimelia"

Jicho linaloinama kona ya nje ni jicho zuri. Wengine hulisifia kuwa limekula kungu, na wapo wanaolitafuta kwa makusudi. Lakini ukilifuata umbo lake kwa wanja mpaka mwisho, unaushusha uso wote.

Kosa la kawaida ni kuendeleza mstari wa juu hadi kona ya nje yenyewe. Uache mstari wa asili kabla hujafika, milimita chache ndani ya kona, na uanze kupandisha mkia kutoka hapo. Pengo dogo litakalobaki kati ya mkia na kona lijazwe kwa shedo, lisijazwe kwa wanja. Chini usipake chochote kizito kwenye theluthi ya nje. Weusi hapo ndio unaoleta sura ya kulia. Ukipenda kupaka chini, paka katikati tu.

Jicho linalopanda lina shida tofauti: mkia mrefu juu yake unaweza kumfanya mtu aonekane mkali. Mpe mkia mfupi, na uzito kidogo chini upande wa nje ili vilingane.

Dalili: "Macho yanaonekana yamechomoza"

Macho yaliyotokeza yanapendeza sana kwa wanja, kwa sababu nafasi ipo. Yanachomoza zaidi pale unapopaka shedo inayong'aa katikati na mstari mwembamba juu yake. Paka mstari mnene, mweusi au wa kahawia iliyokolea, kutoka kona hadi kona, na ukingo wake uusambaze. Kung'aa weka pembeni.

*Angalizo:* macho yaliyotokeza tangu utotoni ni umbo. Macho yanayoanza kutokeza ukubwani, hasa kama yanaambatana na moyo kwenda mbio, kupungua uzito au kutetemeka mikono, yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa tezi ya shingo. Wapambaji huona hili mapema, kwa kuwa tunamwangalia mteja yule yule kwa miaka. Ukiliona kwa mtu, mwambie kwa faragha aende akapimwe.

Dalili: "Mstari unakatikakatika"

Kalamu imekauka kwa kusimamishwa wima na kifuniko juu. Ilaze usiku kucha au isimamishe kifuniko kikiwa chini. Kama bado, poda nyingi imeziba ncha, ifute kwa tishu. Kama mkono unatetemeka, egemeza kiwiko mezani na kidole kidogo shavuni, chora vistari vifupi vinavyogusana badala ya kuvuta mstari mmoja.

Dalili: "Umeshuka, nina weusi chini ya macho"

Krimu ya chini ya macho ambayo haijanyonywa ndiyo ya kwanza kuishuku, kisha penseli kwenye ukingo wa chini, kisha maskara. Acha krimu ikae kabla ya kuanza kupaka, au ihamishie usiku. Pitisha poda chini ya jicho.

Ikiwa umeacha vyote hivyo na jicho bado linatoa machozi yanayobeba wanja, tatizo limehama kutoka kwenye vipodozi. Jicho moja linalotiririka machozi muda wote huenda mfereji wake wa machozi umeziba. Na jicho kavu nalo hutoa machozi mengi, ingawa inashangaza, linajitetea. Hayo ni ya daktari wa macho.

Dalili: "Macho yanawasha, yanachoma, yamekuwa mekundu"

Hapa kanuni inabadilika. Kwenye dalili nyingine zote unaweza kujaribu huku umepaka. Hapa osha kwanza, toa lensi kama unavaa, na usipake kitu mpaka jicho litulie.

Sababu inayotokea zaidi ni kupaka wanja ndani ya ukingo wa jicho, nyuma ya kope, pale penye unyevu. Kwenye ukingo huo kuna vitundu vya tezi ndogo za mafuta, kiasi cha 25 hadi 40 juu na 20 hadi 30 chini. Mafuta yake hulala juu ya machozi na kuyazuia yasikauke haraka. Ukipaka nta na rangi juu ya vitundu hivyo kila siku unaviziba, na jicho linaanza kukauka, kuchoma, au kuota chokea. Zaidi ya hapo, rangi haikai ulipoiweka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha matokeo ya kurekodi kwa video jinsi chembe za wanja zinavyosafiri: wanja uliopakwa ndani ya ukingo ulipeleka chembe nyingi zaidi kwenye machozi, na kwa haraka zaidi, kuliko uliopakwa nje ya kope. Ndiyo maana nasisitiza kubana rangi kwenye mashina ya kope kutoka juu. Kwa mtazamaji matokeo yanakaribiana sana, na jicho linabaki salama.

Sababu ya pili ni wanja wa zamani. Madaktari wa macho hushauri vipodozi vya macho vibadilishwe kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu kila unapochovya brashi unarudisha vijidudu ndani ya chupa. Wanja wa maji na maskara ndivyo vinavyoharibika mapema. Penseli inavumilia zaidi kwa kuwa unaichonga na kupata ncha mpya. Wanja uliobadilika harufu au uliokauka usiuongezee maji, na usiulowanishe kwa mate. Tupa.

Ya tatu ni kuchangia. Dada anaazima penseli ya dada yake, saluni inatumia wanja mmoja kwa maharusi wote wa Jumamosi. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na kisha Mombasa, kila mtu aliona jinsi ugonjwa huu unavyopita kutoka mkono hadi mkono na kitambaa hadi kitambaa. Penseli inayogusa kope inapitisha vilevile. Mteja ana haki ya kumwomba mpambaji achonge penseli mbele yake, atumie brashi ya kutupa, au apakwe kwa wanja aliokuja nao mwenyewe. Mpambaji mzuri hakasiriki. Na aliyeugua macho mekundu atupe wanja na maskara aliyotumia siku hizo, hata kama ni vya jana.

Ya nne ni mzio: gundi ya kope za bandia, manukato, au rangi. Mzio huja na kuwasha kwingi na ngozi kuvimba pande zote mbili. Wenye lensi wazivae kabla ya kujipaka na wazitoe kabla ya kufuta.

Nimeacha wanja wa manga mwisho kwa sababu unahitaji nafasi yake. Ni urithi wetu wa Pwani na wa ndugu zetu wa Omani, na hakuna harusi ya Unguja au Lamu isiyoujua. Tatizo ni kwamba wanja wa asili mara nyingi husagwa kutoka jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, hairuhusu wanja wa aina hii kutumika kama rangi ya vipodozi kwa sababu hiyo hiyo. Risasi huingia mwilini taratibu, hasa kwa anayegusa jicho kisha akapeleka kidole mdomoni, na anayefanya hivyo kutwa nzima ni mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Kwa hiyo bibi, shangazi, nawaomba kwa heshima zote: mtoto asitiwe wanja machoni, asichorwe nyusi, wala asipakwe wanja kitovuni. Kwa kutazama tu huwezi kujua una risasi au hauna, upimwe maabara. Maneno ya muuzaji kwamba "huu ni wa asili" hayajibu swali, maana galena nayo ni ya asili. Kwa mtu mzima anayetaka sura ile ile ya wanja wa manga, penseli nyeusi laini yenye orodha ya viambato na alama ya TBS au KEBS, iliyosambazwa kidogo kwa brashi, inafika hapo hapo.

Hatua za nyumbani, ikiwa ni kuwasha kidogo tu: osha kope kwa maji safi na sabuni laini ya mtoto huku umefumba macho, weka kitambaa safi chenye uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, rudia asubuhi na jioni, na uache vipodozi vya macho mpaka dalili ziishe kabisa. Kila mtu awe na kitambaa chake. Chokea usiikamue. Ukirudi kwenye wanja, rudisha kitu kimoja kimoja, siku kadhaa kati ya kimoja na kingine, ili ukijua kinachokudhuru ujue kwa uhakika.

*Simama, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo:* jicho likiuma kwa kina, likiona ukungu, likishindwa kuvumilia mwanga, likitoa usaha, au likiwa jekundu nawe unavaa lensi. Vivyo hivyo ukichomwa na ncha ya penseli na bado unahisi mchanga baada ya saa chache. Mkwaruzo kwenye kioo cha jicho unaweza kuingia vijidudu na kuacha kovu. Gundi ya kope ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na usilazimishe kubandua kope zilizogandana. Kwa mtoto aliyekuwa akitiwa wanja wa manga kwa muda, mweleze daktari wazi na uulize kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu.

Usidondoshe maziwa ya mama, asali, tangawizi wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine. Baadhi ya matone yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Yanaondoa wekundu haraka huku maambukizi yakiendelea chini yake. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha macho. CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na hospitali ya Kikuyu nchini Kenya zinajulikana kwa huduma hizo. Ukienda, chukua wanja wenyewe pamoja na kasha lake na orodha ya viambato, na usifike umejipaka.